Mama Kabati

Msusi alikuwa amesimama tangu saa mbili asubuhi. Kichwa kilichokuwa mbele yake kilikuwa cha mwalimu wa chekechea, mwanamke mwenye nywele nyingi na haraka nyingi kuliko nywele. Walikuwa wamefika nusu. Kushoto rasta zilishuka nyembamba kama kamba za viatu, kulia nywele zilisimama wima kama zimepokea habari mbaya.

"Bado sana?" mwalimu aliuliza.

"Bado."

"Uliniambia saa sita."

"Nilikuwa sijakiona kichwa vizuri."

Juu ya kioo, kwenye kibao kilichopigiliwa ukutani, televisheni ilikuwa inazungumza. Ilizungumza kutwa, kila siku, na siku zote kwa sauti moja: ya mume wake.

Mtaani walimwita Mkalimani, na wachache tu walikumbuka kwamba mama yake alimpa jina jingine. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye chumba cha nyuma cha duka la kukodisha diski, kutazama filamu za nje na kuzimwagia Kiswahili. Mtu mmoja, sauti zote. Alikuwa polisi, alikuwa jambazi, alikuwa bibi aliyetekwa, alikuwa hata mbwa. Kiingereza chenyewe alikuwa nacho cha kuombea maji, lakini nani alijali? Jitu likimrushia mwenzake meza, hakuna mteja atakayerudisha diski dukani kulalamika kwamba tafsiri haikuwa sahihi. Watu walizitaka filamu kwa sababu ya mdomo wake. Kulikuwa na watu wazima waliokataa kabisa kutazama filamu isiyopitia kwake. Walisema eti haijaiva.

Nyumbani mdomo huo ulikuwa umefungwa. Mwanzoni alisema anapumzisha koo. Daktari alimwambia apunguze maneno, na yeye akaamua kuyapunguzia upande wa nyumbani. Alirudi jioni amejifunga kitambaa shingoni, akanywa maji ya moto, akala, akalala amegeukia ukuta. Akitaka chumvi aliionyesha kwa kidole. Akiulizwa jambo la ndiyo au hapana alitikisa kichwa, na akiulizwa jambo kubwa kuliko hapo alifumba macho. Mtoto wao mmoja alikuwa shule ya bweni, kwa hiyo nyumba ilikuwa na watu wawili na sauti moja, na sauti hiyo ilikuwa ya msusi. Miezi saba sasa.

Alisema naye hata hivyo. Alisema akipika, alisema akikunja nguo, alisema kuelekea mgongo ule kitandani. Dada yake alikuwa na chumba kitupu mji wa jirani na kila wiki alimpigia: njoo, kaa kwangu, mtu hawezi kuishi na ukuta. Msusi akamjibu kwamba mwenzake anachoka, akifika nyumbani amekwisha, hata kusikia hasikii. Hilo ndilo lililomweka. Mtu akichoka mpaka masikio yakaziba, utamlaumu vipi? Na yeye mwenyewe kuchoka alikujua. Kulikuwa na jioni alipoona watu barabarani kama vichwa vinavyosubiri kusukwa.

"Hii ya leo ni ipi?" mwalimu aliuliza, akiinua macho kwenye kioo. "Mbona haina rangi?"

"Mpya," alijibu jirani yake msusi, fundi wa cherehani wa mlango wa pili, ambaye alikuwa amekuja kuazima mkasi na sasa alikuwa amekaa kwenye benchi kama aliyelipiwa. Jina lake mtaani lilikuwa Redio, na hakulikataa. "Yaani ni ya zamani, lakini imekalimaniwa juzi. Watu wanaipigania dukani. Mimi nimeiona mara moja tu, nikalala nacheka."

Filamu ilikuwa ya Hollywood, ya enzi za babu zetu. Mwenye duka aliipata kwenye sanduku la diski alilonunua kwa familia iliyokuwa inahama, jalada lake likiwa na mwanamke aliyevaa glavu mpaka kwenye viwiko. Haikuwa na ngumi hata moja, hata kofi la kuigiza. Ndani yake kulikuwa na mume na mke matajiri waliovaa kama wanakwenda harusini, kumbe wanakwenda kunywa chai sebuleni mwao. Wamekubaliana kuachana. Masanduku yamefungwa, gari liko nje, lakini wote wawili wamelelewa vizuri kupita kiasi na hakuna anayekubali kuwa wa kwanza kutoka mlangoni. Tangulia wewe. Hapana, tafadhali, wewe kwanza. Wageni wanaingia, wanaandaliwa, wanaondoka, na hao wawili bado wamesimama kando ya masanduku, wakichomana kwa maneno laini na tabasamu zisizoyumba.

Mwanamke wa filamu aliweka kikombe chini, akageuka, akamtazama mumewe kutoka viatuni hadi kwenye nywele. Mkalimani akampa sauti nyembamba.

"Miaka kumi na tisa, bwana, naishi na mgongo. Sura yako naiona kwenye kitambulisho."

Mwalimu alicheka mpaka kichwa kikamtoka msusi mikononi.

"Tulia," msusi alisema.

"Samahani, dada. Lakini umesikia?"

Alikuwa amesikia. Alikuwa amelisema mwenyewe, miaka tu ndiyo imeongezwa, mwezi wa pili wa kimya kile, akiwa amekaa upande wake wa kitanda na mguu mmoja ndani ya beseni la maji ya chumvi. Alishika fungu jingine la nywele, akaligawa mara tatu. Mtu anaweza kuokota neno. Neno moja si kitu.

Mume wa filamu aliwasha sigara, akatoa moshi, akajibu kwa sauti nzito, tamu, ile ambayo wanawake wa mtaani walisema ingefaa kuuzwa kwa kipimo: "Mgongo wangu umekuona miaka hiyo yote, mpenzi, na haujawahi kukusahau."

"Ona huyo," alisema Redio. "Anajua kujibu."

"Ningejua utanyamaza hivi," alisema mwanamke wa filamu, "ningeolewa na kabati. Kabati angalau ukilifungua linalia."

"Kabati halikusifii ukivaa vizuri."

"Na wewe hunisifii. Kwa hiyo mko sawa, ila lenyewe linanitunzia nguo."

Hapo hata mteja aliyekuwa chini ya draya, ambaye hakuwa akisikia vizuri, alicheka kwa kuwaona wengine. Mwalimu alifuta machozi kwa pindo la taulo. Msusi alisimama ameshika rasta moja isiyokwisha, vidole vikiendelea kusuka vyenyewe, kwa mazoea. La kabati lilikuwa lake. La nguo lilikuwa lake. Kisha likaja la kwamba mume anamsalimia mlinzi wa benki kwa kirefu ila mkewe anampungia mkono kama mtu aliyeko upande wa pili wa reli, na hilo alilisema siku ya Alhamisi, alikumbuka ilikuwa Alhamisi, akiwa na homa. Mkalimani hakuwa ameokota neno. Alikuwa ametwaa yote, kwa mpangilio, na vituo vyake.

Redio alikuwa ameacha kucheka. Alimtazama msusi kwenye kioo, kwenye kioo ndipo macho ya saluni hukutana, akauliza polepole, "Shoga, hili la kabati si uliniambia wewe? Wakati ule wa kufunga saluni?"

"Ni maneno ya watu wote."

"Mimi sijawahi kuyasikia kwa watu wote."

"Lipi la kabati?" aliuliza mwalimu.

"Geuza kichwa," msusi alimwambia.

Mwanamke wa filamu alikuwa amefika mlangoni. Aliushika mlango, akasita, akauliza bila kugeuka: "Ukirudi nyumbani, unarudi kwa nani?"

Msusi aliacha kusuka. Hilo hakumwambia mtu, si Redio, si dada. Alimwambia mumewe tu, wiki tatu zilizopita, taa zimezimwa, na alidhani amelala.

Mume wa filamu alizima sigara. Alinyoosha koti lake. "Narudi," alisema, "kwa mtu pekee duniani ambaye hasira yake ina joto kuliko mapenzi ya wengine." Saluni ikapiga makofi. Mteja wa draya naye akapiga.

Msusi alimaliza kichwa cha mwalimu saa tisa. Rasta zilitoka sawasawa. Mikono haikuwa na habari na mengine. Usiku huo hakusema neno nyumbani. Mumewe alionyesha chumvi, akampa chumvi. Ikiwa aligundua kwamba nyumba imekuwa kimya, hakuonyesha kwa kidole.

Kesho yake, kabla hajafungua mlango wote, mwanamke asiyemjua alisimama kizingitini na kumwuliza kwa heshima zote: "Samahani, ndiyo kwa Mama Kabati?"

Alimtazama. "Nani amekwambia?"

"Nimeelekezwa hivyo. Kwa msusi, Mama Kabati, karibu na fundi cherehani."

Alimsuka. Kazi ni kazi. Kufika mchana alikuwa ameitwa hivyo mara nne, mara moja na mtu anayemtakia mema. Redio aliapa kwamba alimwambia mtu mmoja tu, na kwa Redio mtu mmoja ulikuwa ni mkutano wa hadhara. Lakini jina halikumkera kama alivyotegemea. Kilichomkera kilikuwa kimekaa chini ya jina. Miezi saba alimsamehe mtu kwa sababu hasikii. Kumbe alikuwa anasikia. Alisikia vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kumsikiliza, akayahifadhi maneno yake kama yai, na majibu alikuwa nayo, majibu ya kufanya saluni nzima ipige makofi. Ila aliyapeleka kwingine.

Saa nane alimpigia dada yake. "Hicho chumba bado kipo?"

"Kipo. Lini?"

"Jumamosi. Lakini kuna jambo nataka kuuliza kwanza."

"Utamwuliza nani, ukuta?"

"Huohuo."

Alifunga saluni, akaenda.

Duka la diski lilikuwa jembamba, majalada yamepangwa ukutani mpaka darini, na mwenye duka alikuwa nyuma ya meza akipangusa diski kwa fulana ya zamani. Alipomwona alisimama. "Shemeji, karibu. Mumeo ametutoa kimasomaso. Hii ya wazee wa Hollywood, nilidhani nimepata hasara, sasa nina orodha ya wanaongoja."

"Yuko ndani?"

"Anarekodi. Taa nyekundu ikizima utaingia."

Alisubiri kando ya mlango uliofunikwa godoro. Kutoka ndani ilikuja sauti ya watu kumi wakiuana. Mmoja aliomba msamaha, mwingine akakataa, helikopta ikapita, na yote hayo yalikuwa mwanamume mmoja aliyekuwa akinunua dawa ya kikohozi. Taa ilizima. Akaingia.

Chumba kilikuwa na joto la tanuri. Kuta zilibandikwa trei za mayai, na feni ilikuwa imezimwa kwa sababu mlio wake huingia kwenye kazi. Mkalimani alikuwa amevaa singlendi, jasho limemlowesha mpaka kiunoni, maikrofoni mbele yake imevishwa soksi. Alipomwona mkewe aliweka kidole kwenye koo, ishara yake ya siku zote.

"Hapana," msusi alisema. "Nimekusikia kutoka nje. Koo ni zima."

Akakishusha kidole.

"Leo nimeitwa Mama Kabati mara nne."

Akafumba macho. Akayafumbua, pengine kwa sababu alihisi mwenzake hajaondoka. "Sikutaja jina la mtu," alisema. Sauti ilikuwa ya mkwaruzo, nyembamba kuliko zote alizozitoa kwenye diski.

"Najua hukutaja. Nataka kujua kwa nini uliyachukua maneno yangu."

"Dakika ya kumi niliishiwa. Hawapigani wale. Nilingoja wapigane, hawapigani. Wanaongea tu, midomo inakwenda saa moja na nusu, nami sielewi hata robo. Mwanamke anafunga mdomo, anaufungua tena. Nikatafuta mtu anayejua kusema. Ninayemjua ni mmoja."

"Usinisifu. Sikuja kusifiwa."

"Sikusifu. Nakueleza ilivyokuwa."

"Kwa hiyo ulikuwa unasikia."

Akaivuta soksi ya maikrofoni.

"Siku zote nilizosema na mgongo wako, ulikuwa macho."

"Nilikuwa macho."

Msusi alikaa kwenye kiti cha pili, kile cha kuwekea nguo. "Afadhali ungekuwa kiziwi," alisema, bila ukali. Ukali ulitaka nguvu na yeye alitoka kusuka vichwa vitatu. "Dada ananingoja Jumamosi. Nimemwambia nina swali moja. Unalijua, umeliuza. Ukirudi nyumbani, unarudi kwa nani?"

Mkalimani alipapasa meza akatafuta rimoti. "Ngoja niiweke. Kuna mahali nimelijibu vizuri sana, usikilize kwanza —"

"Nimelisikia. Walipiga makofi."

"Basi ndilo jibu langu."

"Ulimjibu yule wa glavu. Mimi hukunijibu."

Alibonyeza rimoti hata hivyo. Kioo cha televisheni kikaanza kuwaka, na msusi aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona kwa sababu hakuwahi kuingia chumba hiki: picha ilipotokea, mabega ya mumewe yalishuka, mdomo ukalegea, ukawa tayari. Mdomo wa mtu mwingine ulipofunguka ndipo wake ulipofunguka. Akainuka, akachomoa waya ukutani. Kioo kikawa cheusi na ndani yake wakaonekana wao wawili, wadogo, wamekaa.

"Sema sasa," alisema.

"Narudi..." Ilikuwa sauti nzito, ile tamu.

"Hiyo iache. Hiyo si yako."

Akakohoa. Alifuta uso kwa kiganja, akafuta kiganja kwenye suruali. Msusi hakumsukuma. Nje mwenye duka alikuwa anamwambia mtu kwamba ile ya kuachana imeshakodishwa, arudi kesho.

"Jumapili ya juzi," Mkalimani alisema mwishowe, "ulipika ukanisubiri. Kazi niliimaliza saa kumi. Nilikaa hapa. Niliwasha feni, nikakaa, mpaka nikajua umeshakula."

"Kwa nini?"

"Ungeniuliza siku yangu imekuwaje."

"Na hilo ni kosa?"

"Si kosa. Ningetakiwa kujibu." Alitazama maikrofoni, akaona haimsaidii, akatazama sakafu. "Kutwa nasema. Nikifika nyumbani natafuta la kwangu, silipati. Kila linalokuja nimeshalisema kwa mtu. 'Nakupenda' nimelisema mara mia nne, na mara nyingi kuna mtu anakufa. Nikitaka kukwambia wewe najisikia naigiza. Basi naona bora nilale."

Msusi alisikiliza kama mtu anayeonja kitu asichokiamini. Alitafuta ndani yake mahali pa kuchekea na hakupata. Mwalimu asingecheka. Redio angekohoa, angeomba mkasi. Hakuna ambaye angepiga makofi.

"Jibu baya hilo," alisema.

"Najua."

"Sijafurahi nalo."

"Najua." Kisha, "Diski nitazikusanya."

"Huwezi. Zimeshanakiliwa, na nakala zenyewe zimenakiliwa. Ziache. Nikizeeka nitakuwa Bibi Kabati."

Mwenye duka aligonga. "Kaka, ile sehemu ya pili ya vita wateja wanaiulizia."

Mkalimani alinyanyuka nusu, akatazama waya uliochomolewa, akatazama mkewe. "Leo basi," alijibu kupitia godoro. "Koo limeharibika."

Kwa mara ya kwanza lilikuwa limeharibika kweli, mwishoni sauti ilikatika.

Msusi alitoa simu, akampigia dada yake humo humo ndani. "Jumamosi siji," alisema. Akasikiliza. "Sijasema sitakuja. Nimesema Jumamosi siji." Akasikiliza tena, kwa muda mrefu, uso hauna kitu. "Anajibu vibaya," alisema, "lakini anajibu," akakata.

Aliwasha feni. Upepo ulikuwa wa moto, ila ulikuwa upepo. Akakaa.

"Hiyo ilikuwa Jumapili," alisema. "Na Jumatatu?"

"Jumatatu pia nilikaa hapa," alisema Mkalimani, na akaanza kueleza Jumatatu, polepole, akirudi nyuma, akipoteza alichokuwa anasema na kukiokota mahali pengine, mtu wa kuongea mwenye sifa mji mzima akitafuta neno kama anayetafuta swichi kwenye chumba cha wenyewe. Msusi alikuwa na maneno ambayo yangemsaidia. Alikuwa nayo mengi, makali, mafupi, yaliyonyooka, ambayo yangeimaliza Jumatatu kwa mstari mmoja. Hakumpa hata moja.